Mara ya Tatu

Sasi alipotoka sinagogini mara ya kwanza, asubuhi, hakuna aliyemjali. Mtu ambaye hajatia kitu kinywani tangu jana jioni, hata tone la maji, ana haki ya kutoka akapunga upepo, na siku ya Kipur, siku kuu ya kufunga na kutubu, uani pale hapakosi mzee anayejipepea kwa ncha ya shali yake ya sala. Lakini Sasi hakutoka kupunga upepo. Alitoka kwa sababu kiongozi wa sala alikuwa anakaribia pale ambapo makuhani huvua kandambili zao, wakanyoosha mikono wamwagiwe maji, kisha wakapanda mbele kuwabariki watu. Na Sasi ni kuhani, mwana wa kuhani, mjukuu wa kuhani, ukihesabu kurudi nyuma husimami mpaka kwa Haruni mwenyewe.

Akajibanza nyuma ya kisima. Ndani, sauti ikaita, "Makuhani!" na wenzake sita wakaitikia. Sauti ya saba, ambayo kwa miaka arobaini na minane ndiyo iliyokuwa nene kuliko zote, ilikuwa nje inameza mate yasiyokuwepo.

Sheria yenyewe haina kona. Kabla ya kubariki, kuhani humshukuru Mungu aliyemwamuru awabariki watu kwa upendo. Kwa upendo, si kwa mazoea, wala si kwa sababu watu wanamtazama. Mwenye kinyongo na mtu anatakiwa atoke kabla mwito haujatolewa, maana akiitwa yumo ndani akabaki amekaa, amekosa. Na akipanda na kinyongo chake kifuani, wazee wa Hara Kubwa, mtaa wa Wayahudi, wanasema mwaka haumalizi. Sasi hakuwa mtu wa kutishwa na maneno ya wazee, ila mwaka huu hakutaka kuwajaribu.

Kinyongo chake kilikuwa na umri wa miaka sitini na sita, kimevaa koti la Kifaransa, na kiliitwa Makhluf. Kilikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Makhluf aliondoka kisiwani angali kijana, akafungua duka la vitambaa Marsei, Ufaransa, akawa mtu wa kupiga simu kila Ijumaa mchana na kutuma picha za wajukuu. Sasi alibaki. Alirithi meza ya usonara ya baba yao, Rahmin, na baba alipofariki akabaki na mama, Mama Turkiya. Miaka minne ya mwisho mama hakuinuka kitandani. Sasi na mkewe Ghzala ndio waliomgeuza, wakamwosha, wakamlisha kwa kijiko. Majira ya baridi yaliyopita, hali ilipokuwa mbaya, Sasi alipiga simu Marsei. "Njoo," akasema. "Nakuja," akasema Makhluf. Hakuja. Mama alikufa Jumatatu, akazikwa Jumatatu hiyo hiyo, na mtoto wake wa kwanza hakuwepo.

Kwa watu wengine hilo ni kosa la kutosha. Kwa kuhani ni zaidi, kwa kuwa kuhani haruhusiwi kukanyaga makaburini ila siku ile tu anapomzika mtu wake wa karibu. Siku hiyo ikipita, mlango umefungwa. Makhluf aliikosa siku moja, akalikosa kaburi la mama yake maisha yake yote.

Siku kumi kabla ya Kipur alishuka kisiwani, macho mekundu, akafikia kwa wakwe zake upande wa pili wa Hara. Kila mtu alijua amekuja kufanya nini. Kipur inafuta dhambi za mtu na Mungu wake. Za mtu na mwenzake haizigusi, mpaka uende kwa miguu yako ukaombe radhi. Ukikataliwa, unarudi. Ukikataliwa tena, unarudi tena. Mara tatu, mbele ya mashahidi watatu. Ukikataliwa ya tatu, wewe umemaliza kazi yako, na dhambi inamgeukia aliyekataa. Hilo watoto wa Hara wanalijua kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mara ya kwanza Makhluf alikwenda dukani, Sasi akiwa amejiinamia anachomelea bangili.

"Sasi, mdogo wangu, nimekukosea. Nimekuja kukuomba radhi."

"Unanizibia mwanga," akasema Sasi, wala hakuinua kichwa.

Mara ya pili ilikuwa jana asubuhi, mlangoni kwa Sasi, Ghzala akiwa uani ananyonyoa kuku wa mlo wa kufungia.

"Nisamehe, Sasi. Siku zimekwisha."

"Si mimi niliyelala namwita mtu asije. Kamwombe mama."

Mashahidi wote watatu waliinamisha macho. Makaburini Makhluf hawezi kuingia, na Sasi alilijua hilo, na waliokuwepo walijua kwamba analijua. Ghzala alisimama na kuku mkononi, manyoya nusu, akasema, "Wewe mwanamume!"

Hata hivyo Sasi hakuwa amekusudia kumnyima kaka yake mpaka mwisho. Hapo ndipo penye mashaka yake yote. Alikuwa amepanga vizuri: ya kwanza atakataa, maana amekosewa, ya pili atakataa, ili ieleweke kwamba amekosewa sana, ya tatu atakubali, watakumbatiana, mashahidi watafuta machozi, na kesho yake mambo yatakuwa kama zamani. Hata uso wa kukubali alikuwa ameuandaa. Jana alasiri alikaa ukumbini na nguo zake nyeupe, mlango wazi, masikio kichochoroni. Kila kishindo cha mguu alisema ndiye. Akaja jirani kuazima ufagio. Akaja mama mmoja kumwomba Ghzala marashi. Jua likazama, funga ikaingia, Makhluf hakuja.

Basi sasa yuko nyuma ya kisima, na jiwe la moyoni liko pale pale alipolilaza. Hasira zilimpanda upya. Mara mbili tu, kisha mtu anakata tamaa? Mara mbili?

Aliporudi ndani hakuweza kusali. Alifungua kitabu, akakifunga, akahama benchi. Alikwenda dirishani, akarudi. Ulimi ulikuwa mkavu, kichwa kinagonga, lakini njaa alikwisha izoea tangu utotoni. Kilichomtafuna ni kingine. Mtu mmoja alipita na mrashi akiwanyunyizia watu maji ya maua ya machungwa viganjani, na Sasi akajipaka usoni mara mbili kama mwenye homa.

Mara ya pili, kwenye sala ya adhuhuri, walimwona. Hapa kisiwani hakuna Mlawi hata wa dawa, kwa hiyo wanaowamwagia makuhani maji ni wazaliwa wa kwanza, na mzaliwa wa kwanza anayemmwagia Sasi miaka yote ni Bishi, mzee mwenye gongo na birika la shaba. Bishi alikuwa amekwisha simama mlangoni na birika lake.

"Sasi! Unakwenda wapi? Maji haya hapa."

"Tumbo."

"Tumbo lipi, bwana, na wewe hujala tangu jana?"

Wanaume watatu waligeuka. Sasi alipita, masikio yanawaka moto, akasimama tena nyuma ya kisima kama mwizi wa ndoo.

Sala ilipopumzika kidogo alikwenda nyumbani. Ghzala alikuwa amejilaza mkekani, kitambaa cha maji baridi kipajini, miguu ukutani.

"Hukupanda," akasema. Sisi wanawake tunakaa nyuma, lakini tunaona kila kitu: ndivyo uso wake ulivyosema.

"Ningepandaje? Ana kazi gani huko aliko hata asije?"

"Ulimfukuza."

"Nilimkatalia. Kukataliwa si kufukuzwa. Alitakiwa arudi."

"Arudi umwambie nini tena? Ulikwisha mtuma makaburini."

Sasi alikaa kitini, akasimama, akaenda kutazama mtungi wa maji uliofunikwa, akarudi akakaa.

"Hebu tulia," akasema Ghzala. "Unanizungusha kichwa. Unajua mimi nadhani nini? Nadhani hukasirikii kutokuja kwake."

"Nakasirikia nini basi?"

"Unajua mwenyewe. Nisiseme siku ya leo nikaongeza dhambi."

Alijua. Miaka minne ile, kila asubuhi alipomkalisha mama na kumtilia supu kinywani, mama alimshika mkono kwa vidole vyake vyepesi, akamtazama kwa mapenzi ambayo hakupata kuyaona hata alipokuwa mtoto, akasema: "Mungu akupe umri, Makhluf wangu." Mwanzo alimsahihisha. "Ni Sasi, mama." Mama akatabasamu, akameza kijiko kingine, akasema, "Ahsante, Makhluf." Baadaye akaacha kumsahihisha. Alimgeuza kwa jina la Makhluf, akamwosha kwa jina la Makhluf, na siku ya mwisho alimshika mkono akiwa Makhluf. Kijiko kilikuwa chake, mgongo uliouma ulikuwa wake, na shukrani zote zilikwenda Marsei. Hilo hakumwambia mtu. Ghzala alilisikia kwa masikio yake tu, kwa kuwa alikuwemo chumbani.

Alirudi sinagogini kabla ya wakati. Chini ya mtini uani alikuwa amekaa Khamus, sonara mwenzake, jirani wa duka, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata siku ya kufunga. Mkononi alikuwa na limau lililochomekwa karafuu, analinusa kila baada ya maneno matatu.

"Njoo unuse," akasema. "Linaamsha maiti."

"Sitaki."

"Hutaki! Watoto wa Rahmin nyie mna ugonjwa gani mwaka huu? Wewe hapa unatoka mbio kama mwenye kuhara, na kaka yako huko sinagogi ya juu naye anatoka."

Sasi akamgeukia. "Nani kasema?"

"Shemeji yangu anasali kule. Asubuhi katoka, adhuhuri katoka. Makuhani kule ni wawili tu akiwemo yeye, sasa kabaki Huani peke yake. Na Huani unamjua, sauti kama mlango uliokosa mafuta. Shemeji anasema baraka ya mwaka huu inakwaruza."

Khamus alicheka, akanusa limau lake. Sasi hakucheka. Jambo la kwanza lililomjia ni kwamba Makhluf anafanya maonyesho. Anataka Hara nzima imwone anavyoteseka, ili watu waseme, masikini, kaja kutoka ng'ambo, na yule mwenye roho ngumu kamkatalia. Aliingia ndani na wazo hilo, akaketi nalo, na likakataa kukalika. Makhluf hakuwahi kuwa mtu wa maonyesho. Kutoroka, ndiyo. Kuahidi asitimize, ndiyo. Maonyesho, hapana. Na kinyongo, cha nini? Aliyekosewa ni Sasi. Anayetakiwa kutoka nje ni mwenye chuki. Makhluf anatoka kwa ajili gani?

Sala ya alasiri ilipita juu ya kichwa chake. Aliinuka watu walipoinuka, akapiga kifua watu walipopiga. Mwanga wa dirishani ulianza kugeuka rangi, na watu, hata waliokuwa wamesinzia, wakaanza kunyooka mabenchini, kwa kuwa imebaki Neila, sala ya mwisho, malango ya mbinguni yanapofungwa. Baraka ya Neila ndiyo ambayo hata wagonjwa hubebwa waje kuisikia. Sasi aliwaza: nisipopanda na hii, mwaka mzima nitakuwa nani? Sonara mwenye sauti nene, basi.

Kiongozi wa sala akapanda, akajifunika, akaanza. Sasi akasimama, akatembea moja kwa moja hadi mlangoni.

"Na hii pia?" akasema Bishi, birika mkononi. Safari hii hakuuliza kwa kelele. Alionekana kuhuzunika kweli.

"Mzee Bishi, niombee," akasema Sasi, akatoka.

Hakwenda kisimani. Alishika kichochoro, akakunja kushoto, akaanza kwenda mbio. Mtu wa miaka sitini na moja, hajanywa maji siku nzima, shali inapepea mgongoni. Mbele ya duka la mkate lililofungwa, kandambili ya kulia ikakatika ukanda. Akaivua, na ya kushoto akaivua, akaendelea pekupeku juu ya mawe yenye moto wa mchana. Msichana mdogo aliyekaa kizingitini akampigia kelele: "Babu, unakimbilia wapi? Bado kula!" Sasi alitaka kumjibu, pumzi zikakataa. Mara moja ilibidi ashike ukuta mpaka weupe ulipoondoka machoni. Akajisemea, nikifa hapa nitakuwa nimekufa nakimbilia ugomvi, siku ya Kipur, Mungu anisaidie.

Maana alikuwa bado anakwenda kugomba. Maneno yalikuwa tayari.

Sinagogi ya juu ina benchi la mawe nje, chini ya madirisha. Makhluf alikuwa amekaa hapo, mweupe kuanzia kichwani hadi soksi, viganja magotini, anasikiliza sala inayotoka ndani. Alipomwona mdogo wake anatokea pembeni, pekupeku, kandambili mkononi, aliruka.

"Sasi! Kuna nini? Ghzala mzima?"

"Ghzala mzima. Wewe unafanya nini nje?"

"Ninachofanya tangu asubuhi. Nibariki watu kwa upendo, na mdogo wangu sijapatana naye? Na wewe mwenzangu?"

Sasi akaliruka swali hilo. Akalirukia lake. "Jana nilikungoja! Nimekaa kama bwana harusi, nguo nyeupe, mlango wazi. Mbona hukuja ya tatu? Ulichoka? Mtu anaomba mara mbili anachoka?"

"Sikuchoka."

"Basi?"

Makhluf alitazama chini. Kwa karibu alionekana mzee kuliko picha zake. "Nilikuja mpaka kwenye kichochoro chenu. Nilikuwa na mashahidi wangu. Nikawaambia warudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuona macho yako asubuhi. Nikasema, huyu hatanisamehe. Nikimwomba ya tatu akakataa, mimi nimetoka, narudi Marsei moyo mweupe, na dhambi inabaki kwako." Akapangusa uso kwa kiganja. "Nilikuachia mama peke yako, Sasi, miaka minne. Nikuachie na hiyo?"

Ndani watu waliitikia kitu kwa sauti moja. Sasi aliweka kandambili chini. Akaketi kwenye benchi.

"Ya tatu ningekubali," akasema.

"Ningejuaje?"

"Ndiyo desturi!"

"Desturi ni kukubali ya kwanza, mdogo wangu."

Hilo lilimchoma Sasi kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa lilisemwa bila ukali wowote. Makhluf akaketi kando yake. Walikaa kama watu wanaongoja basi, wazee wawili wenye midomo iliyopasuka kwa kiu.

"Nilikuwa na tiketi," akasema Makhluf. "Nilifika hadi uwanja wa ndege. Niliogopa kumwona vile. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu ndege imejaa. Sina udhuru mwingine, ndio huo."

Sasi alitikisa kichwa. Si kwamba alikataa. Udhuru wenyewe ulikuwa mdogo kuliko alivyoutegemea, na akaona kwamba hata ungekuwa mkubwa usingemsaidia. Ghzala alikuwa na haki. Alivuta pumzi, na jambo ambalo hakulisema kwa mtu yeyote likatoka lenyewe.

"Aliniita kwa jina lako."

"Nani?"

"Mama. Miaka minne. Nilimlisha mimi, akamshukuru Makhluf. Nikimwambia ni Sasi, anacheka. Siku ya mwisho amenishika mkono, anasema, nilijua utakuja, Makhluf." Sauti ile nene ilikatika. "Hata siku moja, kaka. Hata siku moja hakusema Sasi. Mimi nilikuwa wapi?"

Makhluf alilia tu, waziwazi, bila kujifunika. Kisha akasema polepole, "Basi nisamehe na hilo pia."

Akagutuka, akajiziba mdomo kwa mkono. Ilikuwa ya tatu. Hakuna shahidi, hakuna aliyekusudia, lakini imesemwa, na haiwezi kurudishwa. Akamtazama mdogo wake kwa hofu kubwa, na hofu hiyo, Sasi aliiona vizuri, haikuwa kwa ajili yake mwenyewe.

"Umesamehewa," akasema Sasi upesi. "Umesamehewa. Umesamehewa." Mara tatu, kama inavyotakiwa. Uso wa kukubali aliouandaa jana ulikuwa umepotea njiani. Alisema na makamasi yanamtoka. "Na mimi ile kauli yangu. Ya kukutuma kwa mama."

"Nilikwenda."

"Ulikwenda wapi?"

"Kule. Nilisimama nje ya ukuta, upande wa barabara. Sikujua amelazwa wapi, nikawa nazungumza na ukuta mzima."

"Yuko pembe ya mashariki," akasema Sasi. "Mimi pia husimama nje, tangu siku ya mazishi. Kuna jiwe jeupe hapo. Kesho nitakuonyesha pa kusimama. Na unisamehe."

"Umesamehewa. Mara tatu, na nyingine tatu. Inuka, Sasi! Wataita sasa hivi. Tunawe mikono, twende tukapande!"

Waliinuka, wakashikana, wakageukia mlango, na hapo wakasikia sauti ya Huani inakwaruza ndani, tayari imo katikati ya shukrani ile ya upendo. Mwito haukutolewa. Kuhani akiwa mmoja haitwi. Hugeuka mwenyewe akaanza. Makhluf alilijua hilo tangu asubuhi, maneno yalimsahaulisha. Walikuwa wanangoja waitwe, na hawakuitwa kwa sababu walikuwa nje.

Na kuhani ambaye hajanyanyua mguu kwenda mbele kabla baraka haijafika, amechelewa. Hapandi tena.

Sasi alisimama mkono mtupu. Siku nzima alikimbia jambo hili, na sasa moyo ulipokuwa safi, jambo limemkimbia. Alitaka kulia upya. Kisha akakumbuka kwamba anayebarikiwa anatakiwa asimame, na kwamba walioko nje, kama hawakukusudia kuwa nje, nao wamo.

Makhluf aliliwaza hilo hilo. Alifungua shali yake ya sala, pana, ya Kifaransa, akainyanyua kwa mikono miwili akamfunika mdogo wake, akaingia naye ndani yake. Wakati wa Neila Hara nzima husimama hivyo, baba na watoto wake chini ya shali moja, vichwa vimeinama. Watoto wa Rahmin hawakuwahi kusimama hivyo. Tangu wakiwa wadogo walikuwa mbele na baba yao, wameelekea upande wa pili, wanatoa baraka. Sasi alisikia pumzi za kaka yake sikioni na uvundo wa kinywa kilichofunga, sawa na wake.

Sauti mbovu ya Huani ikapanda, ikatua kwenye neno la mwisho la aya ya kwanza. Pakawa kimya kidogo, ile nafasi inayoachwa kwa ajili ya watu. Makuhani hawaijazi, si yao. Wote wawili walisita, hawakuzoea. Kisha, chini ya shali, watoto wa Rahmin wakasema, "Amina."